Kitabu Ambacho Hujakimaliza

Mjukuu wangu Kemunto,

Sisi huku Masimba hatujambo. Babu yako anapalilia migomba na anakusalimu. Mvua ni ya kutosha.

Umeniuliza kama ni vibaya kuwaambia wasomaji wenzako mtakapokutana Jumapili kwamba umekimaliza kitabu chenu, ilhali umekwama katikati. Unaogopa kuonekana mjinga.

Nilipokuwa msichana, tulipongoja lori la majani chai tulikuwa tukizungumzia tulichosoma. Riwaya ilikuwa moja, nayo ilizunguka kwetu sote. Zamu yangu ilipokwisha niliisifu sana, ingawa sikuwa nimefika mbali. Rafiki yangu Nyaboke akaniuliza, "Ehe, na yule mama mkwe alikufa vipi?"

"Kwa homa," nikajibu bila kusita.

"Ai! Mama mkwe hakufa! Ndiye anayecheza harusini!"

Walicheka hadi wakaketi chini. Nilitamani kwenda nyumbani, lakini lori lilikuwa halijafika na majani yangu hayajapimwa. Basi nikakiri kwamba sura ya tatu ilinishinda.

"Hata mimi," akasema Moraa, aliyekuwa amecheka kuliko wote.

Nyaboke akatutazama. "Si mngesema? Sura hiyo ni mvua tu. Irukeni, harusi iko mbele."

Niliiazima tena, nikaimaliza wiki hiyohiyo.

Jumapili waambie ulipokwama na sababu yake. Kisha uniandikie ni nani mwingine aliyekuwa amekwama papo hapo.

Nyanya yako akupendaye,
Kwamboka