Ubao Tuliouongeza Nyuma ya Mtumbwi wa Baba

Base Camp, Nakivale
Tarehe 19 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Elisée,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. U mzima? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kazini umetulia? Mnasema huko Winnipeg sasa ni majira ya joto, lakini katika picha yako ya juzi bado umevaa koti, ndiyo maana nauliza. Sisi huku tu wazima. Presha ya Mama imeshuka, anakula vizuri, na mdomo wake ni uleule: jana alibishana na muuza dagaa mpaka akaongezewa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa maswali kabla sijamaliza, nami ningelia. Vénant, yule jirani yetu, amepata safari ya kuja huko Kanada, na nimemwambia barua hii aishike mkononi, asiitie sandukuni. Kaa chini uisome yote. Mwisho wake ni mwema, nakuambia mapema ili usipate presha kama Mama.

Mdogo wangu, nimekudanganya wiki saba. Kila ulipopiga simu kuuliza mashine ya mtumbwi inaendaje, nilikujibu inaenda vizuri sana. Haikuwa inaenda. Shemeji yako Appolinaire akivuta kamba, inawaka mara moja, hilo ni kweli. Lakini akiongeza moto, inapiga kelele ya kutisha, nyuma kunajaa povu, na mtumbwi unajikokota kama ng'ombe aliyeshiba. Tukipakia watu ndiyo mbaya zaidi. Baadaye inashika joto na kuzima.

Sikuweza kukuambia. Najua umekata kuku katika kile kiwanda misimu miwili ya baridi ili kuipata, na najua kwa nini. Hatujalizungumza tangu uondoke, lakini leo nalitaja. Miaka mitatu iliyopita ulikwenda ng'ambo ya ziwa kumchukua mdogo wetu Benitha akiwa na uchungu. Upepo ukakugeukia, ukapiga kasia asubuhi nzima mpaka viganja vikachanika, na mlipofika kituo cha afya mtoto alikuwa ameshatutoka. Mashine ilipofika uliniandikia neno moja tu: lile kasia mlichome. Sasa ningekuambiaje kwamba mashine haisukumi kitu, na Benitha yuko ng'ambo ileile, tumbo lina miezi minane?

Tulijaribu kila kitu. Tulimwaga petroli yote tukatia nyingine, tukaichuja kwa kitambaa. Tukabadilisha plagi. Pale ufukoni kila mtu ni fundi siku hizi: huyu anasema oili imezidi, yule anasema imepungua, mwingine anasema mashine mpya haielewani na mtumbwi mzee. Appolinaire alikuwa kimya tu. Kimya chake kiliniudhi, nikamwambia maneno ambayo mama wa kwaya hapaswi kumwambia mumewe.

Mwisho tuliifunga katika blanketi, tukapanda basi hadi Mbarara kwa fundi anayeitwa Venuste. Alikulia Makenke, kambini kwa askari, na bado anasema kile Kiswahili chao cha amri. Akaifunga kwenye pipa la maji, akavuta kamba, ikanguruma bila tatizo na maji ya kupoza yakaruka ubavuni. "Injini iko sawa, madam," akasema. "Mimi naona hakuna shida." Tukarudi nayo kwa furaha, tukaiweka ziwani, na mambo yakawa yaleyale. Nilikaa chini nikalia mbele za watu, Elisée, bila aibu.

Wiki iliyofuata nilirudi Mbarara peke yangu, bila mashine, na hasira zangu tu. Venuste alinivutia kiti. Aliniuliza mashine inakaaje kwenye mtumbwi. Nikamwonyesha picha katika simu, ileile niliyokutumia wewe siku tulipoiweka wakfu. Akaikuza kwa vidole, akaitazama kitambo. "Sasa hii mbao ya huku juu, ni ya kazi gani?"

Ule ubao ni wangu. Siku ile waumini wote walikuwa wanakuja ufukoni, nami nikaona mashine yako imezama nyuma ya mtumbwi wa Baba, inaonekana kofia yake tu. Nikasema zawadi ya mdogo wangu haiwezi kufichwa hivyo, na picha kama hiyo simtumii. Nikamlazimisha Appolinaire aongeze ubao juu ya ule wa nyuma, mpana kuliko kiganja, aikalishe mashine huko juu. Ikaonekana mpaka barabarani! Mchungaji Nehemiya akaiwekea mikono, tukaimba, nawe ukajibu kwamba imependeza.

Kumbe lile panga linalozunguka linatakiwa kuzama kabisa. Juu yake kuna kibati bapa, na kibati hicho lazima kikae sawa na tumbo la mtumbwi au chini yake kidogo. Sisi tulikipandisha, panga likawa linakula hewa badala ya kusukuma maji, na maji ya kupoza hayapandi. Abiria wakikaa mbele, nyuma inainuka, hapo tena hakuna safari. Ndani ya pipa maji yalikuwa mengi, ndiyo maana ilikubali. "Toa mbao tu," Venuste akaniambia. "Injini yako haina kosa."

Nilirudi mbio kumweleza Appolinaire. Hakushangaa! Alikuwa ameushuku ubao tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakusema wala kuutoa.

"Ningeutosha namna gani, na Pasta alishaka kuombea?" akanijibu. "Tena ni weye ulisema niuweke."

Nikamshika mkono. Tukaenda wote wawili kwa Mchungaji, vichwa chini. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mi nilibariki mashini, hapana ubao," akasema. "Muende muutoshe!"

Tuliutoa siku ileile. Mtumbwi uliondoka kwa nguvu hata Mama, aliyekuwa amekaa mbele, akakishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili na kutukemea sote.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, Benitha alipiga simu: uchungu umeanza. Tukavuka, tukamlaza kwenye mkeka, kichwa chake mapajani mwangu. Upepo ulikuwa uleule wa siku yenu, unatupiga usoni, lakini safari hii mtumbwi uliupasua. Nilikuwa nakuombea huku nalia. Tulipokaribia kufika, majani ya ziwani yakajisokota kwenye panga na mashine ikazima. Ufuko tunauona, watu tunawaona. Benitha akanishika mkono, akanitazama, nami nilijua anakumbuka nini.

Appolinaire hakupoteza muda na mashine. Aliingiza mkono chini ya mkeka akatoa kasia lako. Ndiyo, lipo. Mama alikataza lisiguswe na moto, akalilaza chini ya kitanda chake muda wote huu, na Venuste alipotuambia kwamba mtumbwi wa mashine hausafiri bila kasia, Mama alilileta mwenyewe. Appolinaire alilipiga mpaka tukagusa nchi kavu. Saa saba mchana, pale kituo cha afya, Benitha alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, analia kuliko mashine yako. Wamemwita Shimwa.

Benitha ameniomba nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Umuambie Elisée, ile siku sikumuona anapumuzika hata mara moja. Nilikuwa naona mikono yake. Ile mambo aiache sasa." Nami naongeza langu: nisamehe kwa uongo wa wiki saba. Sikutaka uumie mara ya pili.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Appolinaire anakusalimu, na Mchungaji Nehemiya pia, bado anacheka. Vénant akifika mpikie ugali wa kushiba, maana hajazoea vyakula vya huko. Mungu aliyemvusha Benitha akulinde katika kazi yako na akupe usingizi mzuri.

Ndani ya bahasha nimekutilia picha mpya. Mashine haionekani vizuri, imezama nyuma, kofia tu. Wanaoonekana ni Benitha na Shimwa, na kasia lako wameliegemea.

Ni mimi yaya, dada yako mkubwa, ninayekupenda hata nikikudanganya,

Perpétue