Namba ya Simu Kwenye Mlango wa Kinyozi

Wheaton, Maryland
Jumapili, baada ya misa

Kwa mdogo wangu mpenzi Anatoli, Baba Gwakisa,

Ugonile, mdogo wangu. Nakusalimu kwa jina la Bwana, na nakusalimu tena kwa jina la mama yetu aliyetuacha tukipendana. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua ngazi zikiwa nyingi. Baba Lusekelo naye mzima, bado anaendesha lile basi la shule, na anailalamikia baridi kama vile wamejuana jana. Je, wewe? Wifi yangu na watoto? Kifua chako kimetulia? Mvua zimeanza? Viazi vimeshika? Nijibu yote usiruke hata moja, maana unanijua, nisipojibiwa nafikiri mabaya.

Barua hii anakuletea Rosemary, tunasali naye hapa, anakuja kwao Tukuyu kwenye harusi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako umeizima. Wifi ameniambia yote. Kwamba wanakupigia watu wa lugha isiyojulikana, mchana na alfajiri, kwamba ni matapeli, na kwamba umechomoa laini ukaitia kwenye kopo la misumari na unataka kuivunja. Wifi alipokuambia dada anasema usiivunje, eti ukamjibu kwamba hata dada wameshamteka, siku hizi sauti inatengenezwa na mashine! Haya. Na mwandiko huu mbovu, ni mashine gani itakayokubali kuutengeneza? Mimi niliishia darasa la nne, na herufi zangu unazijua zinavyolala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Ni mimi Flaviana, niliyekubeba mgongoni. Usiivunje laini, Anatoli. Soma kwanza mpaka mwisho.

Unakumbuka Lusekelo alipomaliza chuo pale College Park, nilikuambia amekwenda Japani kufundisha watoto Kiingereza kwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, mtoto hakurudi. Akaniambia, kwa ile lugha yake ya nusu kwa nusu, kwamba sasa anasoma grafiki dizaini. Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akasema ni kupanga herufi na picha na rangi ili mtu aelewe kabla hajasoma. Nikasikia pia neno kompyuta humo ndani, basi nikaridhika, na kwenye jumuiya nikatangaza kwamba binti yangu anasomea kompyuta. Kumbe akitoka darasani anazunguka mjini na ndoo za rangi.

Nilijua siku aliponipigia simu ya picha nikiwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Namwona yuko juu ya ngazi, uso una madoadoa ya bluu, nyuma yake ukuta mrefu. Nikapiga kelele nikamwambia ashuke hapo upesi. Bibi niliyekuwa namlisha uji akaanza kushuka kitini, akidhani naambiwa yeye. Lusekelo akacheka, mimi nikalia. Moyoni naona polisi, naona pingu, naona mtoto anarudishwa kwa ndege. Na Akinyi, yule Mkenya ninayefanya naye shifti, hakunisaidia. Akaniuliza kama msichana amevuka bahari yote hiyo kwenda kuchafua kuta za wenyewe, akasema si nimwambie akuje tu hapa asomee unesi kama wasichana wa watu. Na mimi hicho hicho ndicho nilichokuwa nataka.

Aliyenituliza ni jirani yangu Taraji. Huyu ni mwalimu, Mmarekani mweusi wa hapa hapa, Kiswahili alikisomea darasani, kwa hiyo anakisema kama mtangazaji wa redio. Mpaka kuomba chumvi ananiomba nimwie radhi. Alinichukua Jumamosi tukapanda treni mpaka mjini Washington akanionyesha kuta. Anatoli! Kuna mama mmoja amechorwa ghorofa nzima, kilemba chake kinafika kwenye madirisha ya juu, na watu wazima wanapanga foleni wapige naye picha. Nikauliza wamemkamata aliyefanya hivi? Taraji akacheka mpaka akasahau Kiswahili chake. Akasema mwenye nyumba ndiye aliyeomba, na alishukuru. Nilisimama pale nikakufikiria wewe. Mdogo wangu kachora kuta za Mwanjelwa tangu tukiwa vijana, bucha na saluni na duka la dawa, na mimi siku zote nikiulizwa nasema ana kibanda cha rangi. Sikuwahi kusema ni msanii. Neno hilo nilikuwa naona la watu wa kwenye televisheni.

Sasa nikuambie habari yenyewe. Huko Osaka anakoishi Lusekelo kuna mtaa wa maduka ulioezekwa juu kama soko, ila wenye maduka wamezeeka, wengi wamefunga. Yupo kinyozi mmoja, Mzee Nakagawa, bado ananyoa. Alimwona mtoto anachora ukuta wa jirani akamwomba amchoree mlango wake, ule wa bati wa kukunja unaoshushwa duka likifungwa. Lusekelo akajaribu kwanza ya kisasa, aliyofundishwa darasani, duara na mistari. Mzee akatazama, akasema ni safi sana, kwa adabu, na Lusekelo akajua hakuipenda. Ndipo akakukumbuka. Unajua alipokuja likizo akiwa mdogo ulimpa brashi akachora meno ya yule mtu wa kwenye bango la saluni, akachora meno mengi kupita kiasi ukayaacha hivyo hivyo. Mwanangu hajasahau. Akamchorea mzee vichwa vyako, Anatoli, vile vile vimepangwa kwa safu, cha panki, cha kiduku, cha kipara kinachong'aa, shingo ndefu, macho yanatazama pembeni kama yanadaiwa. Na katikati Mzee Nakagawa mwenyewe, na mkasi.

Ninakuwekea picha ndani ya bahasha. Tazama kwanza ndipo uendelee.

Umeona? Mzee alipoiona alikaa chini barabarani. Sasa tatizo lake ni moja, kwamba picha inaonekana duka likiwa limefungwa tu, kwa hiyo siku hizi anafunga mapema. Mke wake amemgombeza mpaka amechoka. Watu wanatoka mitaa mingine kuja kuitazama, vijana wanapiga picha wanarusha kwenye mitandao, hata Akinyi ameiweka kwenye simu yake na anawaonyesha wagonjwa kwamba huyu ni msichana wetu. Unesi hautaji tena.

Na sasa soma pale chini kabisa ya mlango, kwenye kona. Limeandikwa jina la Lusekelo, mwanafunzi wa Anatoli Sanaa, Mwanjelwa, Mbeya. Na mbele yake ni namba yako ya simu.

Ndiyo, mdogo wangu. Hao matapeli wako wanataka kunyolewa. Wengine wamedhani ni namba ya kinyozi, wanapiga waulize kama kuna nafasi. Wengine ni vijana tu wanataka kusikia nani atapokea. Wao wanapita hapo wakienda kazini asubuhi, ninyi huko hata jogoo hajawika. Na wale unaosema wamepiga mara nyingi bila kukata tamaa ni wenye maduka ya mtaa ule, muuza samaki na fundi baiskeli, wanamtafuta mwalimu wa Lusekelo.

Usimkasirikie mtoto. Namba niliisema mimi. Yeye alitaka kuandika jina lako tu, akaniambia kwamba kwenye sanaa ya mitaani watu hawaweki namba ya simu. Nikamwambia hao watu wamechanganyikiwa, fundi asipoacha namba kazi nyingine atapewaje, mjomba wako hajawahi kumaliza hata mlango wa choo bila namba. Tena nikamkumbusha aanze na ile 255 ya Tanzania ili wasikosee. Tulitaka kukushtua kwa furaha, tumekushtua kwa kengele. Nisamehe. Lakini bado sijamaliza kukiri.

Juzi Lusekelo alinipigia simu ya picha akiwa na Mzee Nakagawa na wazee wenzake wa chama cha ule mtaa. Wamevaa vizuri. Mzee akaongea kwa kirefu, kisha akainama. Nami nikaona si vizuri niketi tu kama gogo, nikasimama jikoni kwangu nikainama kama tunavyowainamia wakwe. Akainama tena, chini zaidi. Nikainama tena. Wenzake wakainama wote, nami nikawafuata, goti linalia kriii, nasema ndiyo baba, ndiyo, asante sana, ndaga fijo. Wakapiga makofi. Lusekelo akasema mama, unajua umekubali nini?

Kwa kuwa simu yako haipatikani, walikuwa wanaiomba familia ruhusa. Wanataka uende, maua yao yakianza kuchanua, uchore na Lusekelo milango ya mtaa mzima. Nauli ni yao. Chumba ni cha juu ya duka la kinyozi. Na dada yako mkubwa ameshakutoa, kwa kuinama.

Ningeweza kusema sikuelewa. Lugha si yangu, nani angenilaumu? Lakini nikuambie ukweli mbele ya Mungu, Anatoli. Nilikuwa nimeelewa kabla sijainama mara ya pili. Uso wa mtu anayeomba kitu cha thamani nyumbani kwa watu naujua, niliuona kwa baba mkwe. Wifi aliniambia umefunga kibanda kwa sababu ya mabango ya mashine, kwamba brashi zimekauka na unakwenda kulinda ghala la viazi. Nikawaza, kama nitamwuliza yeye mwenyewe atasema hapana, maana ana aibu tangu utotoni. Basi nikainama.

Ukitaka kukataa, kataa, ila ukatae mwenyewe, kwa mdomo wako. Washa simu. Wanataka kuisikia sauti yako kabla ya Krismasi. Wasipokupata watatafuta mtu mwingine, na mimi sitakuwa na uso wa kuwatazama. Kiingereza chako cha kibandani kinatosha, na Lusekelo atakuwa karibu.

Mambo mengine ni madogo. Anza kushughulikia pasi ya kusafiria. Loweka hizo brashi. Kwenye ndege usikae na njaa kwa aibu, chakula ni cha bure. Baridi ya huko ni kama ya Rungwe alfajiri, ila ya siku nzima, beba lile koti la marehemu baba. Na tafadhali, Anatoli, nunua soksi mpya zisizotoboka, kwa sababu huko viatu vinavuliwa mlangoni na mimi nimekusifu sana.

Nisalimie wifi, mwambie asinune, zamu yake itafika. Msalimie Gwakisa, ashike shule. Jirani yangu Taraji na mwenzangu wa kazini Akinyi wanakusalimu kama wanakujua, na siku hizi ni kweli wanakujua. Mungu akulinde, na akutie ujasiri.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Flaviana, Mama Lusekelo