Uso wa Vigae

Jumanne, 8 Julai
Bado tunachimba msingi Msasani. Kiuno kimekufa. Leo sururu imetoa vigae vinne vya sahani za kale, vyeupe vyenye ua la bluu. Msimamizi kasema kifusi, tupa. Nimetia mfukoni. Kimoja kimepinda kama kope. Nimetafuta kope ya uso wa mama tangu Mei.

Jumapili, 13 Julai
Uso wa mama umekamilika, bado sikio. Ubao ni wa mlango uliobomolewa Kinondoni, vigae nimevishikiza kwa saruji nyeupe. Mama hakupigwa picha hata moja. Alizikwa Sikonge mie niko hapa namwaga zege, nauli sina.

Shomari, tunayechimba naye, alikuja chumbani kwangu Tandika. Akautazama muda mrefu, kisha akauweka begani. "Siku zote wapagazi nyie. Leo acha Mzaramo abebe."

Nikacheka. Mie Mnyamwezi, yeye Mzaramo, watani tangu enzi za mababu. Mtani akichukua chako unacheka, unangoja zamu yako. Mwezi uliopita nilivaa viatu vyake siku tatu.

Jumatano, 23 Julai
Siku kumi. Nikiuliza, anasema mama yangu kanogewa na wali wa nazi, hataki kurudi. Saiti nzima inacheka. Mie nacheka kidogo.

Jumamosi, 2 Agosti
Nimeuona. Duka la picha na vinyago, mtaa wa pili kutoka saiti. Umetundikwa ukutani, chini jina la Shomari. Wameuita "Bibi wa Pwani". Mama hakuwahi kuiona bahari.

Mlinzi kanifukuza, nina matope.

Shomari nilimkuta anakula. Akasema utani tu huo, mtani. Hakuniangalia.

Mwizi. Naliandika hapa kwa sababu mbele za watu siwezi kulisema. Nitaambiwa Mnyamwezi gani huyu asiyejua utani.

Jumatatu, 11 Agosti
Baba yake Shomari kafariki. Nimekwenda Mbagala kuzika. Mtani haachi msiba.

Kaburi lilipokuwa tayari nikashuka, nikalala chali. Ndiyo desturi, mtani hatoki mpaka apewe kitu. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Mzee mmoja akauliza nataka nini. Walitegemea niseme kuku.

"Nataka mama yangu."

Wakacheka zaidi. Shomari hakucheka. Akachuchumaa ukingoni, akasema polepole, "Kaka, ule uso umeshanunuliwa. Umepanda ndege."

Miaka minne hajawahi kuniita kaka. Siku zote mtani.

Udongo ulikuwa baridi mgongoni. Nikatoka bila kupewa kitu. Nikashika koleo nikamfukia mzee wake vizuri, maana yeye hana kosa. Nilipokuwa naumwa alinipikia uji kwa mikono yake.

Alhamisi, 14 Agosti
Msingi umefika chini. Kesho zege. Shomari yuko upande wa pili wa shimo, hatusemeshani. Wenzetu wanauliza utani umekwenda wapi.

Saa nne kikatoka kigae kimoja, cha mviringo, chembamba. Sikio kabisa. Nimekifuta kwa shati, kipo mfukoni.

Wakati wa chai nilifumba macho nimtafute mama. Hakuja. Ulikuja uso ule wa vigae, bila sikio.