Ukurasa wa Kuloweka Ndiga

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Usinune kwa jina hilo, ulijipa mwenyewe. Nilipokuwa mtoto pale Mzenga uliniita "mume wangu" mbele za watu mpaka nikajificha nyuma ya mlango. Leo nina mvi, kitambi na mke wa ndoa, na bado sijapata wa kunitania kama wewe.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, Kibaha. Siumwi. Ndani kuna mama mmoja nisiyemfahamu, anaimba. Amekula ndiga, na aliyemfundisha kuipika ni mimi.

Ndiga unaikumbuka. Mvua zikikataa na unga ukiisha, ulibeba jembe ukaingia porini, ukarudi na viazi vyake vyenye ndevu. Ukamenya, ukakata vipande vyembamba, ukavitia kwenye kikapu na kukizamisha kijitoni. Sisi tunalia njaa, wewe unakwenda kukigeuza kikapu na kurudi mikono mitupu, siku baada ya siku, mpaka maji yaiondoe sumu. Na hata ilipoiva hukuturuhusu kugusa. Ulionja kipande kimoja, ukakaa kwenye kigoda, nasi tukakuzunguka.

"Nikianza kuimba, msile," ulisema. "Nikicheza, mkamwiteni babu yenu. Na mumwangalie anavyokuja. Akija anatembea, mniambie, nijue nimeolewa na nani."

Tulicheka. Kisha wote tukakutazama mdomo. Nilikuwa naomba usitikisike.

Ulipoondoka niliapa kwamba mapishi yako hayatazikwa nawe. Nikayaandikia kitabu, nikaamua kukichapisha mwenyewe. Mwalimu wa Kiswahili mimi, miaka yote nasahihisha insha za watoto wa watu. Nani tena wa kunisahihisha? Zuhura, mke wangu, aliomba akisome kwanza. Yeye kwao Mwanza, ndiga hajawahi kuiona hata kwenye picha.

"Nipe basi nisome hata kidogo, Baba Asha."

"Subiri kitoke. Nataka ushangae."

Ameshangaa.

Mchapaji naye alinipigia. "Mwalimu, kurasa zinakwenda kwa mafungu. Umezidisha mmoja. Ama unapunguza, ama tunaongeza fungu zima, kurasa tupu zinajaa nyuma. Unasemaje?"

Ningeweza kupunguza maelezo yangu binafsi. Yalikuwa kurasa mbili, Bibi, pamoja na picha yangu nimevaa tai, nimekunja uso kama mtu anayedaiwa kodi na serikali. Nikaona msomaji hawezi kuishi bila hizo. Nikapekua mbele, nikafika kwenye ukurasa wa kuloweka ndiga. Nikajiambia, nani asiyejua kwamba ndiga inalowekwa? Mzenga wanajua. Kibuta wanajua. Nikaukata. Ukurasa uliotangulia uliishia kwenye kukata vipande vyembamba, uliofuata ulianzia kwenye kubandika sufuria. Zikaungana vizuri kabisa, kama vile pale hapakuwahi kuwa na kijito.

Mchapaji akataka kunipa nakala moja ya mfano niipitie. Nikamwambia achape zote, nawahi mahafali ya shule. Nikachapisha nakala nyingi kuliko watu ninaowafahamu, nikauza mkono kwa mkono, na kila moja niliiandikia kwa wino wa bluu: "Karibu tule."

Waliokuja kwenye mahafali hawakuwa watu wa Mzenga. Wengi ni wageni walionunua viwanja, vichaka bado hawajavifyeka. Na mchoro wa ndiga, Bibi, miiba yake na majani yake matatu matatu, ulitoka vizuri kuliko kitu kingine chochote kitabuni.

Nilichofanya sawasawa ni kimoja, nacho nilikifanya kwa majivuno: niliweka namba yangu ya simu kwenye jalada, nikitegemea sifa. Mchana huu ikaita.

"Ndiye mwalimu wa kitabu?"

"Ndiye mwenyewe," nikasema, nikijiweka sawa kwenye kiti.

"Hongera, mwalimu. Naitwa Shabani, niko Ruvu. Ndiga nimeikuta kiwanjani kwangu, vilevile kama ulivyoichora. Mama Nuru kaipika leo. Sasa nauliza... mtu akiila, ni kawaida kuimba?"

"Wewe umekula?"

"Mimi nilikuwa nasubiri ipoe."

Nyuma yake nilimsikia mkewe. Wimbo wa harusi, umepinda katikati.

Nikamwambia amkimbize hospitali na asimpe mtu yeyote kilichobaki. Nikafika kabla yao. Walipomshusha, kitabu kilikuwa kwapani mwa Bwana Shabani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Ulisahau nini, mwalimu?"

"Kuloweka."

"Kuloweka," akarudia taratibu. "Kuloweka tu?"

Zuhura yuko nyumbani na simu, anawatafuta wanunuzi tunaowajua. Tusiowajua wako Kisarawe, wako Ruvu, wengine wamewapelekea wakwe zao zawadi. Mwaka huu vuli haijanyesha, unga umepanda, na kila mwenye kichaka atakumbuka kwamba ana kitabu. Akija mtu kuniuliza namna ya kuchapisha kitabu chake mwenyewe, nitamwambia ampe kwanza mtu asiyetoka kijijini kwao, akae karibu yake, amtazame uso anaposoma. Habari za jalada na karatasi nzuri tutaongea baadaye.

Simu nimeishika mkononi. Kila ikitetemeka, naipokea kabla haijaita mara ya pili. Ya mwisho ilikuwa ya mzazi anayeulizia matokeo ya mwanawe. Nilimshukuru mpaka akashtuka.

Bibi, Mama Nuru ameacha kuimba. Muuguzi amepita, nikamsimamisha njiani, akasema, "Subiri, baba," akaingia na kufunga mlango. Bwana Shabani ameegemea ukuta, anautazama mlango huo kama tulivyokuwa tukikutazama wewe.

Ulituambia ukiimba tusile. Ukicheza tumwite babu. Ukinyamaza je, mke wangu? Hilo hukutuambia.

Pumzika huko ulikotangulia kuonja.

Mume wako mdogo