Ngazi Niliyoirudisha

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu kuanguka kwa mwanafunzi wa kike katika makumbusho ya wazi, tarehe 13 mwezi huu

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Kazini huitwa Fundi Udongo.
Umri: miaka 41
Kazi: kibarua wa ujenzi na matengenezo, makumbusho ya wazi
Makazi: chumba cha wafanyakazi, nyuma ya karakana ya makumbusho. Si raia.
Elimu: darasa la sita
Yamepokelewa: tarehe 14, saa 3:25 asubuhi

Mimi ni kibarua. Kazi yangu ni kujenga na kukarabati nyumba za zamani zilizo pale uwanjani, ambazo wageni huja kuzitembelea. Ziko nyumba tisa. Nyumba ya sita niliijenga mwenyewe miaka minne iliyopita, ndiyo iliyonileta nchi hii. Walitaka nyumba ya udongo ya watu wa kwetu, na wa hapa hawakujua kuijenga. Mkataba ulikuwa wa miezi mitano. Nyumba ilipokwisha wakaniambia nibaki niitunze, nikabaki. Mke wangu, mama yangu na binti yangu wako nyumbani.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, siku ya Jumanne, saa 8:00 mchana, alifika mwalimu wa kike kutoka shule ya msingi. Alisema ataleta wanafunzi thelathini na wanane baada ya wiki moja, na anataka kuona njia yote kwanza. Msimamizi akaniambia nimtembeze.

Nimewatembeza watu wengi, lakini yule mwalimu alikuwa wa aina yake. Kila alipofika mlangoni alichuchumaa, akatazama akiwa chini vile vile. Nikamuuliza, "Mwalimu, umedondosha kitu?"

Akasema, "Hapana, fundi. Natazama kwa urefu wao. Sisi warefu tunakagua dari, wao wanaona misumari."

Akaukuta msumari kwenye nyumba ya pili, umetokeza chini ya dirisha. Nimepita hapo miaka minne sijauona. Nikaugonga ukaingia. Akaniuliza maswali mengi: gari la wagonjwa litapitia lango gani, nyuki wako wapi, maji ya bomba yananyweka, mvua ikinyesha watajikinga wapi. Yote akayaandika. Viatu vyake vilijaa tope, hakulalamika.

Tulipomaliza alikaa juu ya tofali akahesabu sehemu za hatari. Zilikuwa tano: kisima, mtaro mkubwa, tanuri la mhunzi, daraja la magogo, na ngazi ya nyumba ya sita inayopanda kwenye dari ya kuwekea mbegu. Akasema watu wazima watakuwa wanne: yeye, mwalimu mwenzake, mzazi mmoja na dereva. Kila mmoja atasimama sehemu moja na hatabanduka mpaka watoto wote wapite.

"Hatari tano, watu wanne," alisema. "Fundi, hii ngazi ikitoka, hesabu yangu inakaa sawa. Inatoka?"

Nikamwambia inatoka. Niliitoa mbele yake, nikaiegemeza nyuma ya nyumba. Akaweka alama kwenye karatasi, akaandika, "Ngazi imeondolewa," akanipa kalamu nitie saini. Nikamwambia mwandiko wangu ni wa kuku. Akacheka, akasema, "Kuku wangu wa darasa la pili wanaandika vibaya zaidi." Saini iliyo kwenye karatasi mliyonayo ni yangu.

Siku ya Jumapili, tarehe 11, saa 10 jioni, nilipiga simu nyumbani. Binti yangu akaniambia ngazi yao imevunjika mti wa tatu wa kukanyagia, na bibi yake sasa hawezi kupanda kutoa mbegu. Binti ndiye analala huko juu, mahali nilipolala mimi nikiwa mdogo. Akasema, "Baba, mimi naruka tu hapo palipovunjika, ila bibi ananigombeza." Nikamwambia amwite jirani atengeneze. Akasema jirani alishakuja, akaupigilia mti vibaya ukang'oka tena. Ana miaka tisa. Nilipoondoka alikuwa na mitano.

Tarehe 13, siku ya safari, niliamka saa 11:30 alfajiri nikafagia nyumba zote. Nilipofika nyumba ya sita nilisimama mlangoni. Tangu tarehe 6 nilikuwa naikwepa. Nyumbani kwetu niliona ngazi ikitolewa mara moja tu, mwaka wa mafuriko, tulipoiacha nyumba ya zamani. Mama aliacha mlango, akaacha na mitungi, lakini ngazi aliibeba kichwani mpaka tulikohamia. Nyumba isiyo na ngazi kwangu ni nyumba ambayo watu wameondoka. Na watoto wale walikuwa wanakuja kuambiwa, hivi ndivyo watu wa kule wanavyoishi.

Saa 1:40 asubuhi nilizunguka nyuma, nikaichukua ngazi, nikairudisha mahali pake. Sikuifunga kamba juu. Nilijiambia ni ya muda mfupi, niitazame kidogo kisha niitoe. Nilikaa sakafuni nikaitazama. Sina maelezo mengine ya hapo.

Saa 2:15 msimamizi aliniita kwenye bomba la vyoo, lilikuwa linavuja. Nilikwenda.

Afande ameniuliza kama nilisahau. Ningeweza kusema nilisahau, na ingenifaa. Sikusahau. Saa 3:30 nilisikia basi likiingia, nikasikia watoto wanashuka wanaimba, na nilikuwa na spana mkononi nikaikumbuka ngazi. Nilikuwa na muda wa kwenda na kurudi. Sikwenda. Nilitaka waione ikiwa nyumba ya watu.

Saa 4:50 nilisikia kishindo kama cha gunia, halafu watoto wakanyamaza wote kwa pamoja. Nilikimbia. Binti mmoja, mdogo kuliko wenzake, alikuwa sakafuni na ngazi imemlalia miguuni. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda pasipo kiungo. Macho yalikuwa wazi ila haitikii. Nikaitoa ngazi juu yake. Watoto wenzake walikuwa wamebanana ukutani, mmoja akawa anasema, "Nilimwambia asipande, nilimwambia."

Mwalimu alifika akitokea kisimani, ambako ndiko alikopanga kusimama. Alipiga magoti, akamwita yule mtoto kwa jina lake mara tatu. Mara ya tatu mtoto akasema, "Mwalimu, nimelala?" Mwalimu akamjibu, "Umelala kidogo tu, mama. Usiamke." Ndipo akaitazama ngazi, kisha akanitazama mimi. Alisema neno moja, "Fundi."

Gari la wagonjwa liliingia kwa lango lile lile aliloandika. Lilitumia dakika kumi na moja. Wakati linasubiriwa, mwalimu aliwapanga watoto waliobaki akawahesabu, thelathini na saba, akarudia tena.

Saa 6 mchana msimamizi alinivuta stoo. Alisema, "Ndugu yangu, wewe hujui kitu. Ngazi ilikuwepo siku zote, mwalimu aliiona akaridhika. Kibali chako kinaisha mwezi ujao. Nani atakuandikia kingine? Mimi au yule mwalimu?" Askari walipofika saa 7 wakaniuliza nani aliiweka ngazi, nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo.

Leo asubuhi saa 1 mlinzi wa lango, mama mmoja anayenigawia chai, aliniambia mwalimu alikamatwa jana, amelala kituoni. Akasema watu wanadai ile karatasi ya ngazi aliiandika baada ya ajali ili ajiokoe. Nikamuuliza, "Na mtoto?" Akasema, "Mkono umefungwa, kichwa ni kizima, anadai uji. Mbona hunywi chai?" Niliiweka chai chini nikaja hapa kwa miguu. Sikuagwa wala sikuaga.

Mwalimu hakukosea kitu. Alikagua, akaandika, akawapanga watu wake kwa kuamini kuwa ngazi haipo. Kama ningemwambia nimeirudisha, angemweka mtu pale. Ningehitaji kumwambia maneno mawili tu getini. Naomba atoke leo, kwa sababu ana wanafunzi.

Niliyonayo ndiyo hayo. Nimesomewa, na kila neno nalitambua kuwa langu.

(Saini ya shahidi)

MAELEZO YA OFISA
Saa 4:05 nilimsimamisha shahidi nikamwonya kuwa halazimiki kuendelea, na kwamba anayoyasema yanaweza kutumika dhidi yake na kugusa kibali chake cha kukaa. Alijibu, "Andika, afande." Saini yake nimeilinganisha na ile iliyo kwenye karatasi ya ukaguzi ya tarehe 6, zinafanana. Mwalimu ameruhusiwa kwenda saa 5:20. Walikutana kwenye korido. Mwalimu alisimama, akamshika mkono kwa muda.

Shahidi ameendelea kuzuiliwa. Nilimuuliza tumjulishe nani, akaomba apige simu nyumbani kwao mwenyewe. Amepewa simu ya kituo, dakika nne. Lugha yao siifahamu vizuri, ila aliporudisha simu nilimuuliza amewaambia nini, kwa ajili ya kumbukumbu. Alisema amewaambia anakuja.