Sauti ya Mama Ndani ya CD ya Kariuki

Gitothua, Ruiru. Jumamosi, Julai 1999.

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na nguo nilizoanika juzi bado zina unyevu. Nimekaa kitandani na sweta mbili, nimesikiliza kanda moja mara nne, na sijapika.

Leo nimeweka sahihi kwenye karatasi ya aina ambayo wakili wangu alinionya nisiiguse.

Wacha niandike ilivyotokea kabla sijaanza kujidanganya.

Mimi na Kariuki tulikutana chuo cha kompyuta Thika, tukiwa wanafunzi wote wawili. Baadaye mimi nikabaki pale kufundisha kuchapa. Yeye alikuwa na kichwa cha programu, mimi nilikuwa na mkono wa kuchora. Mtu fulani alileta mchezo wa kutoka ng'ambo, wa makasri na mazimwi, na Kariuki akagundua kwamba ukifungua faili zake unaweza kutoa picha zilizomo ukaweka zako. Basi tukaugeuza. Ilituchukua karibu mwaka mzima. Kasri likawa soko la Ruiru. Mazimwi yakawa makanjo, askari wa baraza la mji wanaofukuza wachuuzi. Na yule mchawi wa kuuza dawa nikamtoa, nikamweka mama yangu na ndizi zake, kitambaa chake cha kijani kichwani.

Kariuki alienda sokoni na redio kaseti yake akamrekodi. Siku hiyo mimi nilikuwa darasani. Ukimkaribia ndani ya mchezo alikuwa anasema, "Karibu kastama, hizi ni za leo, gusa uone." Maneno hayo tu. Tulipomwonyesha, Mami alicheka mpaka akashika mbavu, akasema nimempunguzia unene.

Tuligawa disketi bure. Wanafunzi wetu walichukua, vijana wa Kahawa Sukari wakachukua, yeyote aliyetaka alipata. Ndani yake niliweka faili ya maelezo niliyoiandika mwenyewe, kwa furaha tu: "Chukua, cheza, badilisha, mpe mwenzako."

Ningejua.

Mami alifariki mwaka jana. Presha. Kariuki alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na alilia kuliko mimi. Baada ya mazishi sikutaka hata kuusikia ule mchezo ukitajwa. Nilipoutaka, nilikuta disketi zangu zimeharibika, moja baada ya nyingine, na kompyuta tuliyokuwa tukitumia chuoni ilikuwa imefutwa zamani. Nikajiambia basi, hiyo sauti nayo tumeizika.

Halafu wiki tatu zilizopita nikaingia duka moja la vitabu Thika kuulizia karatasi za kuchapia. Nilikuwa nimeipa mgongo kompyuta waliyoiweka kuvutia wateja. Nikasikia, "Karibu kastama, hizi ni za leo, gusa uone."

Niliitika. Nilisema "Mami?" mbele ya watu wote.

Ilikuwa CD ya kufundishia watoto hesabu. Mtoto anatembea sokoni, ananunua ndizi, anahesabu chenji. Kila kibanda nilikichora mimi. Kila sufuria, kila gunia, mpaka yule paka wa kibanda cha samaki. Nyuma ya kasha kulikuwa na jina la Kariuki na la kampuni yake. Langu nililitafuta mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua ama nasoma tu.

Nilienda kwa wakili, mama mmoja mpole mwenye ofisi karibu na mahakama. Nilimpa CD, nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Ule mchezo wa ng'ambo mliugeuza bila ruhusa ya wenyewe," akasema. "Hapo nyinyi wawili mlikuwa na makosa. Lakini huyu ametoa kila kitu chao na kuandika programu upya. Kilichobaki ni michoro yako. Na michoro ni mali yako tangu siku uliyoichora."

"Na yale maneno niliyoandika? Chukua, cheza, badilisha?"

"Hapo ndipo atajificha. Atasema ulimpa kila mtu ruhusa. Sisi tutasema kumpa mtu acheze si kumpa auze. Hakimu anaweza kukubali, anaweza kukataa. Ungeongeza neno moja tu, 'isiuzwe', hatungekuwa tunakisia."

Nikauliza kilichokuwa kimenipeleka pale hasa. "Na sauti ya mama yangu?"

Alivua miwani. "Nani alirekodi?"

"Kariuki."

"Kwa redio yake? Yeye ndiye alipanga?"

"Ndiyo."

"Basi, mwanangu, kwa hiyo rekodi sheria itaanza na yeye. Haitaanza na wewe."

Picha ya mama yangu ni yangu. Sauti yake ni ya Kariuki.

Nilirudi nayo hiyo sentensi hadi nyumbani na nimelala nayo tangu siku ile. Wakili aliandika barua ya kumtaka Kariuki asimamishe kuuza mpaka tuelewane. Akanionya nisikutane naye peke yangu, na nisiweke sahihi kwenye chochote asichokisoma yeye kwanza.

Leo asubuhi Kariuki amepiga kwa jirani mwenye simu, akaomba niende ofisini kwake hapa Ruiru. Nikaenda. Ningesema nilienda kupigania haki yangu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkosa. Ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye alikuwa akimwita mama yangu Mami.

Alikuwa na barua ya wakili mezani. "Wairimu, kweli? Barua ya wakili, kwangu mimi?"

"Ungeniuliza tu, Kariuki."

"Ningekuuliza saa ngapi? Nilikuja kwenu mara tatu baada ya mazishi, ukakataa kutoka nje. Nikaona nikiuliza nitakuumiza."

"Na jina langu? Nalo lingeniumiza?"

Alifungua droo akatoa kanda, ile ya siku ya sokoni.

"Hii ndiyo yenyewe, pande zote mbili. Mami aliongea sana siku hiyo. Mimi nilikata yale maneno machache nikaiweka. Sijaisikiliza tena." Halafu akanisukumia karatasi iliyochapwa. Ilisema mimi niliyechora naruhusu michoro yangu yote itumike na kuuzwa, na sitadai tena. "Weka sahihi hapa, wende nayo."

Hakupaza sauti. Alikuwa anaangalia meza. Nafikiri alikuwa anaona aibu, na nafikiri hiyo ndiyo imenivunja zaidi, kwamba alijua anachofanya na bado akafanya.

Niliweka sahihi. Sikuisoma hata mara ya pili.

Nimeweka kanda kwenye redio yangu ya umeme mara tu nilipofika nyumbani. Mami anagombana na mteja juu ya ndizi zilizopondeka. Mami anamuuliza Kariuki kama anakula vizuri huko anakokaa. Anasema mimi najifanya mjuzi wa mashine na siwezi kushona kifungo. Nimecheka peke yangu humu ndani kama mwendawazimu.

Kisha, karibu na mwisho wa upande wa kwanza, anauliza, "Na hii sauti yangu, mnaenda kuiuza?"

Na Kariuki, kwa ile sauti yake ya zamani, "Wee Mami! Huu ni mchezo wetu tu. Siku tukiuza utakuwa wa kwanza kuambiwa, wewe na Wairimu."

"Haya basi. Chukua hii ndizi, umekonda."

Nimerudisha nyuma nikasikiliza tena, nikijua kabisa linalokuja.

Naamini aliposema hajaisikiliza tena. Kama angesikiliza asingenipa. Alikaa na mama yangu kwenye droo muda wote huo na hakuwahi hata kubonyeza kitufe. Mimi ningetoa kila mchoro niliowahi kuchora nipate dakika tano za hiyo kanda. Na kweli, ndivyo nilivyofanya.

Wakili atakasirika nikimwambia. Labda atasema bado kuna njia, labda atasema nimeiziba mwenyewe. Lakini Jumatatu sitaanzia kwake. Nitaazima redio ya jirani yenye betri, niende kwa Kariuki, nifunge mlango, niweke kanda mezani na kumwacha asikie mpaka pale anapopewa ndizi.

Halafu nitamuuliza jambo moja tu. Ile karatasi, bado anaitaka?