Jiwe la Okoth

Mpendwa Okoth,

Nimeanza hivi kwa sababu ndivyo tulivyoitana, wewe Omondi Okoth wa Kisegi na mimi Achieng Okoth wa Sori, mpaka mama yangu akachoka kuuliza nani anamwita nani. Kuna neno jingine unalopaswa kuniita siku hizi, na unalijua. Nitalifikia mwishoni nikipata nguvu. Baba amesema nikuandikie kwa kuwa simu zetu hupokei tangu uende kufunga pampu za sola huko Kegonga. Na kwa vile majirani wameshaisimulia habari yetu kwa namna yao, barua hii sitaificha. Anayetaka kuisoma na aisome.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa dirishani pale zahanati, kadi za wagonjwa mkononi, nikaita, "Okoth!" Wakasimama watu watano: mzee mwenye bakora, mama aliyebeba mtoto, vijana wawili, na wewe, kidole kimefungwa kitambaa chenye damu. Ulikuwa umekuja kutengeneza taa za wavuvi wa omena, bisibisi ikateleza. Nikauliza, "Okoth gani?"

"Huyo mwenye anaumwa zaidi, sister," ukajibu.

Watu wakacheka. Nikakwambia hata mimi ni Okoth, kwa hivyo usiniringie.

"Basi tuko wengi," ukasema. "Hii jina iko kila mahali."

Na kweli iko kila mahali. Kwetu mtoto akizaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth, na mvua ya ziwani hainyeshei ukoo mmoja. Ndiyo maana hatukuogopa, ingawa kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Tena tuliulizana, kama watoto waliolelewa vizuri. Wewe ukataja ukoo wa kwenu, mimi nikataja wa kwetu, tukaona ni koo mbili tofauti kabisa. Basi jina tukaligeuza mchezo.

Lile daftari la jalada la bluu bado ninalo. Aliyekiona kwanza kitu chenye jina letu alikiandika, na mwenzake akanunua soda. Boti ya kijani pale Sori, ile ambayo herufi yake ya mwisho ilikuwa imechubuka. Kinyozi wa Homa Bay. Kinu cha kusagia mahindi cha Kisegi. Benchi la kanisa lenye kibati cha marehemu fulani Okoth. Refa aliyeinyima timu yenu penalti, ambaye ulimwandika kwa wino mwekundu. Na punda wa Mzee Salim, yule Mswahili wa Lamu mwenye duka la vyuma Homa Bay. Alimnunua kwa mtu aitwaye Okoth, akaona hakuna haja ya kuhangaika na jina jingine. "Yule bwana akipita hapa mtu akamwita," alituambia, "huitika wote wawili." Ulicheka hadi ukaketi kwenye mfuko wa saruji, ukainuka na suruali yote vumbi.

Kitu cha mwisho nilikiandika mimi. Nyuma ya shamba letu kuna jiwe jeusi, bapa, ambalo watu wa nyumbani hulijua kwa jina la Jiwe la Okoth, kwa sababu ya babu wa baba yangu. Alilitoboa mashimo ya kuchezea ajua, bao la kwetu, safu mbili, mashimo manane kila upande. Shimo moja la pembeni hakulimaliza. Ni kama kidole kiligusa tu pale kikaondolewa. Ulikaa upande ule ukalalamika kwamba babu yangu alikuwa mvivu na kwamba kokoto zako zinaanguka. Nikakushinda mara tatu. Mara ya nne uliacha kucheza, ukanishika uso kwa mikono yako yenye harufu ya solda ya kuungia nyaya. Sitaandika zaidi ya hapo, baba atasoma.

Halafu mkaja kujitambulisha. Nawaona mpaka leo wakiingia langoni, baba yako mkubwa na baba yako mdogo ndani ya makoti, na Dani, bibi yako, ambaye alikataa kabisa kubaki Kisegi ingawa miguu yake ilikuwa imevimba. Mama alikuwa jikoni, kajifungia, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo wala hawali pamoja. Kuku walikuwa tayari. Wazee waliongea mambo yao polepole, na mimi, kwa furaha, nikaona nitawachangamsha wageni. Nikaleta daftari. Hakuna aliyeniomba.

Nikawasomea. Walicheka kwa refa. Kwa punda wa Mzee Salim baba yako mkubwa alijifuta machozi. Ningefunga daftari hapo, Okoth. Kila siku najirudisha hapo na kulifunga. Lakini nikasoma na jiwe, na mashimo yake, na lile moja la mvivu.

Dani akaacha kucheka. Akauliza kwa Kijaluo, taratibu, "Shimo ambalo halikuisha, ni la mwisho upande wa ziwani?"

Nikasema ndiyo.

Akaomba apelekwe. Wewe ulimshika mkono huu, mimi huu, wazee wakatufuata. Alipofika alipiga magoti, akaingiza kidole katika lile shimo, akaanza kulia. Akatueleza kile ambacho mumewe, babu yako, alimwapisha asimwambie mtu. Kwamba hakuwa mtu wa Kisegi. Alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akimchongea ajua juu ya jiwe, na siku aliyobakiza shimo moja ndiyo siku aliyompiga mkewe. Mama akamchukua mtoto, akarudi kwa kaka zake Kisegi. Mtoto akakulia kwa wajomba. Kule neno la kumchoma mtu ni jadak, mtu anayekaa kwenye ardhi ya wenyewe, na alichoka kuitwa hivyo. Akaushika ukoo wa wajomba, akautaja kama wake, akawafundisha wanawe wautaje. Kitu pekee alichobaki nacho cha baba yake ni jina.

"Hawa watoto ni wa mtu mmoja," Dani akasema. "Nikinyamaza, chira itawamalizia watoto."

Hata wasioamini chira, laana ya wanaovunja mwiko, siku ile waliiamini. Baba yangu akaketi chini kwenye majani, mtu mzima, akasema, "Mzee wangu alimtafuta huyo mdogo wake mpaka akafa." Kisha akamkumbatia baba yako mkubwa. Wakalia, wakacheka, wakashikana mabega. Sijawahi kuona watu wenye furaha kiasi kile, na nilitamani wote waondoke.

Unajua kilichonivunja ni nini? Si maneno ya wazee. Ni mama. Alifungua mlango wa jikoni akatoka hadharani, hana tena sababu ya kujificha, akakushika mikono yote miwili akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu." Akaketi karibu nawe akakumegea kuku. Ulikula ukitazama sahani. Mkwe wa mama hakuwepo tena, na hakuna mtu aliyemwomboleza isipokuwa sisi wawili, tena kimyakimya, kwa kuwa ilikuwa sherehe.

Nina hasira na Okoth yule wa kwanza. Mkono mmoja ulichonga, mkono huohuo ukapiga, nasi ndio tunaolipa. Na wakati mwingine nina hasira nawe, kwa kuwa ulipanda boti kesho yake bila kunitazama. Ninajua kwa nini hukunitazama. Bado nina hasira.

Sasa misimu miwili ya mvua imepita. Jumapili baba alirudi kutoka Kisegi, siku hizi anakwenda kila mara, akatangaza mezani kwamba unaoa, mwalimu wa huko Kegonga, na kwamba ng'ombe watatoka pia zizini kwetu. Akanigeukia. "Wewe ndiye dada mkubwa upande huu. Utaongoza akina dada na vikapu." Mama aliinamisha kichwa. Nilisema nitafikiria, nikaenda kwenye jiwe nikakaa upande wako, upande wa lile shimo.

Nimefikiria, na nitakuja. Nitavaa kitenge walichochagua, nitabeba kikapu, nitapiga vigelegele kuliko wote, na huyo mwalimu hatasikia lolote kutoka kwangu ila kwamba amepata mtu mwema. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya wazee. Nikifika langoni nitazame mara moja tu, uniite Okoth, kama pale dirishani. Baada ya hapo niite wanavyotaka.

Katika daftari tulibakiza ukurasa wa mwisho kwa ajili ya nyumba yetu. Sikuuchana hadi leo. Nimeuchana sasa, na ndio huu ninaokuandikia.

Wako,

dada yako,
Achieng